Mtoto haoni na hasikii, sasa unaanzia wapi kumfundisha?

Wazazi wengi wanaokuja kwetu, awe katoka Chamwino, Bahi au hapa hapa Dodoma mjini, swali lao la kwanza ni mtoto ataanza lini kusoma a e i o u. Tunawaelewa kabisa, ila kwa mtoto mwenye ulemavu zaidi ya mmoja huko siyo pa kuanzia.

Iko hivi. Asiyeona tu unaongea naye, anasoma nukta nundu, yale maandishi ya vinundu yanayosomwa kwa vidole, wapo pale Buigiri kwenye shule ya wasioona wanasoma vizuri tu. Kiziwi anatumia macho, anafuata lugha ya alama. Sasa huyu kiziwi asiyeona njia zote mbili zimeziba, hata kama anaona kidogo au anasikia kidogo, kwa hiyo huwezi kuchukua mbinu ya yule ukajumlisha na ya huyu ukasema tayari. Unabaki na mikono yake, pua, ulimi na mwili.

Anza na uji wa asubuhi. Kabla hujamletea mpe kikombe ashike, na kiwe kile kile kila siku, siyo leo cha bati kesho cha plastiki, halafu subiri. Hapa ndo wengi tunaharibu maana tuna haraka, hesabu kimoyomoyo mpaka kumi hata zaidi. Na usimkamate mkono ukauvuta kwa nguvu, we weka wako chini wa kwake uwe juu, mkiguse kikombe pamoja, akitaka kuutoa mwache autoe. Endelea hivyo hivyo, siku moja unakuta kashika kikombe anafungua mdomo au anacheka na uji bado uko jikoni. Ujue kashakuelewa. Mawasiliano yameanza, na kopo la kuogea litafuata njia hiyo hiyo, na kipande cha kanga cha kumwambia tunaenda kwa bibi.

Kwenye kuvaa shati anzia mwisho. Mvalishe wewe, kitendo kile cha mwisho cha kulishusha tumboni mwachie yeye, akizoea mrudishie hatua moja nyuma. Anamaliza mwenyewe kila mara, anapata moyo.

Kama ana na mtindio wa ubongo, yaani mwili umekakamaa au umelegea kwa sababu ya ubongo, asilishwe amelala jamani, akae wima, kichwa kisiangukie nyuma, chakula kisije kikaingia njia ya hewa. Hili hata bibi na dada wa nyumbani waambiwe.

Na shule je? Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa haki ya kusoma kama wenzake, kwa hiyo ukiambiwa "huyu hafundishiki mama, kaa naye nyumbani" usikubali kirahisi, nenda halmashauri umuulizie afisa elimu maalumu, omba mtoto apimwe macho na masikio kwanza. Nenda na mtoto mwenyewe, na kadi yake ya kliniki usiiache.