Mimba ya Miezi Minne: Usisubiri Mtoto Acheze Ndipo Uanze Kliniki

Mimba yangu ina wiki 15. Mtoto yukoje sasa?

Viungo vyake vikuu vimeshaumbika. Kilichobaki ni kukua na kukomaa. Kutoka utosini hadi makalioni ana kama sentimita 10. Moyo unadunda, anakunja vidole, anajigeuza. Humsikii kwa kuwa bado ni mdogo na anaelea kwenye maji.

Kichefuchefu kimekwisha na tumbo halijatokeza. Si nisubiri acheze ndipo nianze kliniki?

Hapana, mama. Mimba ya kwanza unaweza usimsikie mpaka wiki ya 18 au 20. Ukimsubiri, nusu ya safari imeshakwisha bila kupimwa chochote. Kliniki inaanza kabla ya wiki 12. Umeshapitiliza? Njoo kesho, usingoje mwisho wa mwezi.

Mbona najisikia mzima?

Hata yule aliyekuja na mimba ya miezi saba alisema hivyo hivyo. Nilipomfunua kope la chini, ndani kulikuwa kweupe. Kipimo cha wingi wa damu yake kilisoma 6, na mjamzito anatakiwa awe na 11 au zaidi. Kwenye pindo la kanga alikuwa amefunga vipande vya udongo, anatafuna tangu mimba ikiwa changa. Vidonge vya kuongeza damu vinataka miezi ya kufanya kazi, na yeye miezi hiyo alikuwa ameshaipoteza.

Kaswende nayo inaweza kukaa mwilini usihisi lolote, huku ikimuua mtoto tumboni. Sindano ya penisilini inaitibu, ila lazima tukupime kwanza. VVU vivyo hivyo: dawa zikianza mapema, mtoto anakingwa. Mzima ni aliyepimwa.

Nyumbani wanasema mimba changa haitangazwi, watu wana husuda.

Majirani wafiche ukitaka. Mimi usinifiche.

Mstari mweusi tumboni, fizi kutoa damu, kuvuta kinenani: ni kawaida?

Kwa kawaida ndiyo. Homoni zinaweka mstari na kulainisha fizi. Endelea kupiga mswaki, kwa mswaki laini. Kinena kinavuta kwa sababu kano zinazoshikilia mfuko wa uzazi zinatanuka. Wiki ya 12 mfuko huo uko usawa wa mfupa wa kinena. Wiki ya 20 unafika kitovuni. Choo kigumu? Maji, mboga, matunda.

Dawa ya SP, ile ya kukinga malaria, naweza kuimezea nyumbani?

Meza hapa hapa, mbele ya muuguzi. Nyingi zinazobebwa nyumbani zinaishia kabatini. Tunaianza kuanzia wiki ya 13, na kati ya dozi na dozi upite angalau mwezi mmoja. Vijidudu vya malaria hujificha kwenye kondo la nyuma hata kama huna homa, na mtoto anazaliwa na uzito mdogo. Unatumia Septrin, au una mzio wa dawa za salfa? Tuambie kwanza. Chandarua chenye dawa hakiachwi, hata siku ya joto.

Nikiona damu kidogo, nipumzike nione kama itakata?

Hapana, na nasema tena hapana. Damu ukeni, maji kuvuja, homa, maumivu makali ya tumbo au ya kichwa: unaondoka nyumbani saa hiyo hiyo, hata usiku. Usimngoje mume arudi kutoka kazini, usimngoje mama mkwe atoe ruhusa. Chukua kadi, chukua kanga, mwite jirani akusindikize.