Kisu cha kipepeo ni nini hasa, na hilo jina baya kilipata wapi

Kisu cha kipepeo ni kisu cha kukunja. Tofauti na kile cha kawaida ni kwamba hiki kina mipini miwili, kila mpini umechimbwa mfereji kwa ndani na umeshikiliwa na pini yake pale bapa linapoanzia, sasa ukikifunga mipini inakutana na kulificha bapa lote katikati kama mtu aliyefumba viganja, ukikifungua kila mpini unazunguka kwa upande wake mpaka inakutana tena nyuma, na hapo ndo unapata mpini mzima wa kushika. Mwishoni kuna kikomeo kidogo cha kuizuia isiachane. Hakuna springi humo ndani wala kitufe, kinachokifungua ni mkono wako tu.

Ile mipini ikizungushwa inapepea kama mabawa, ndo maana ya kipepeo. Lakini kwao, Ufilipino, kinaitwa balisong, na ukienda mkoa wa Batangas kusini mwa Manila, kwenye mji wa Taal, kuna kitongoji kabisa kinaitwa Balisong ambako familia zimekuwa zikivifua hivi visu kizazi baada ya kizazi. Wapo wanaosema neno lenyewe linatokana na maneno mawili ya Kitagalog ya kuvunjika na pembe, kwa sababu mipini mingi ya zamani ilikuwa ya pembe za nyati wao wa kulimia mpunga. Jina lake jingine la mtaani ni bente nueve, yaani ishirini na tisa, na wengi wanaeleza kuwa ni urefu wake kikiwa wazi, sentimita 29. Chuma wanachotumia mara nyingi ni chakavu, springi za magari na bearingi, kama tu mafundi wetu wa jua kali wanavyogeuza springi ya lori kuwa panga au jembe. Mkulima au mvuvi wa Batangas alikuwa nacho mfukoni kwa kukatia kamba, kufungulia nazi, kazi zote za kila siku, mkono mmoja una kazi nyingine na huu mmoja unafungua kisu.

Sasa jina baya lilianzia wapi? Wanajeshi na mabaharia wa Kimarekani waliokaa Ufilipino walirudi navyo kwao, na Marekani kwenyewe miaka ya 1950 kulikuwa na hofu kubwa ya magenge ya vijana na visu vya kitufe, vile unabonyeza tu bapa linaruka nje. Mwaka 1958 ikatungwa sheria ya shirikisho dhidi ya visu hivyo, na humo wakaongeza na visu vinavyofunguka kwa uzito wake au kwa kurushwa mkono. Balisong ikaja kunaswa na hayo maneno, mpaka mahakama ya rufaa mwaka 1988 ikakubali kuihesabu kundi moja na visu vya kitufe. Mwaka huohuo Uingereza nayo ikaiweka kwenye orodha ya silaha zilizopigwa marufuku kuuzwa, na hapa napenda watu wasome vizuri, kwa sababu sheria ya Uingereza inaieleza yenyewe kuwa ni kisu ambacho mpini wake unapasuka katikati bila springi wala mtambo wowote. Yaani nchi moja imekikataza kwa kukifananisha na kisu cha springi, nyingine imekikataza huku imeandika wazi kuwa springi hakina. Ujerumani wakafuata 2003.

Kwa maoni yangu kilichokiponza hiki kisu ni kuonekana. Kina mlio, kile chaka-chaka cha mipini kugongana, kinamulika, kinazunguka vidoleni, kwa hiyo kwenye filamu za miaka ya 80 na 90 ukitaka mtazamaji ajue huyu jamaa ni mbaya hata kabla hajafungua mdomo unampa balisong achezeshe. Mtu ameshaona hivyo mara hamsini, hajawahi kukishika, ataogopa, ni haki yake kuogopa. Ila ukilinganisha kwa kazi, kisu cha kukunja cha kawaida chenye kijinundu cha kidole gumba kinafunguka haraka kama hicho au kukizidi, maana hiki lazima kwanza uachie kikomeo halafu uzungushe, na ukikosea mpini unajikata mwenyewe. Na kule Uingereza na Wales takwimu za serikali zinaonyesha kisu kinachotumika zaidi kwenye mauaji ya visu ni cha jikoni.

Angalia sisi watu wa pwani. Bwana harusi wa Lamu akitoka na joho, kilemba na jambia kiunoni, watu wanapiga vigelegele, na jambia ni bapa lenye makali pande zote mbili. Oman wameiweka kwenye bendera ya taifa. Heshima yote hiyo imetoka kwa waliolivaa, na balisong ilionwa mikononi mwa majambazi wa kwenye skrini.

Hata nyumbani kwake haikosi masharti. Sheria ya Ufilipino ya 1978 inakataza kutembea na kitu cha makali nje ya nyumba isipokuwa ni chombo chako cha kazi, na Mbatangas bado anasemwa na wenzake kuwa ni mtu mkali mwenye balisong mfukoni. Kule Hawaii, jimbo la Marekani, walikipiga marufuku 1999, mwaka 2023 jopo la majaji watatu likasema marufuku hiyo inavunja katiba, kesi ikaamuliwa isikilizwe upya na jopo kubwa zaidi, na 2024 jimbo lenyewe likabadilisha sheria. Kwa hiyo kama uko ughaibuni tafadhali usinunue mtandaoni kwa kuona duka linakubali kutuma, Uingereza tangu 2021 hata kukiweka ndani kwako ni kosa.

Wanaovichezesha saivi, na wako wengi dunia nzima, wengi wao hawana shida na makali kabisa. Wanatumia cha mazoezi, bapa butu lililotobolewa matundu ili uzito ubaki sawa, na somo la kwanza wanalofundishana ni kutofautisha mipini, kuna salama na kuna unaouma, ule unaouma ndo upande makali yanapoangukia kikifungwa. Ukishika ule salama, kisu kikirudi kwa nguvu vidole vinakutana na mgongo wa bapa.