Je, wajua kwa nini manowari Pegasus haikuweza kujitetea bandarini Unguja?

Jumapili ya tarehe 20 Septemba 1914, wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, alfajiri baada ya saa 11, manowari ya Kijerumani Königsberg iliikaribia bandari ya Unguja kutoka kusini na kuanza kuipiga Pegasus, kruza ndogo ya Waingereza iliyokuwa imetia nanga pale. Pegasus ilikuwa na mizinga minane na mabaharia waliofunzwa vizuri, lakini haikung'oa nanga, na hakuna kombora lake lililomfikia adui.

Sababu ya kwanza ilikuwa kwenye boila, yaani tangi la kuchemshia maji ili kupata mvuke. Meli ya mvuke haiwashwi kama gari. Lazima makaa ya mawe yachomwe kwa saa kadhaa ndipo presha ya mvuke itoshe kuzungusha mitambo. Na ukitaka kusafisha au kuziba mirija ya boila, ni lazima kwanza moto uzimwe na boila ipoe, kisha ifunguliwe. Pegasus ilishushwa majini mwaka 1897, ikiwa na aina ya boila iliyokuwa bado inajaribiwa, na kufikia 1914 ilikuwa imechoka. Mwezi Agosti ilikuwa na manowari mwenzake Astraea mbele ya Dar es Salaam, mnara wa simu ya upepo wa Wajerumani ulipopigwa mizinga. Baadaye wenzake wakaitwa kwingine, na kamanda wake, John Ingles, akaingia Unguja kufanya matengenezo. Siku ya shambulio mitambo ilikuwa imefunguliwa. Hata kama adui angeonekana mapema, meli isingeweza kuondoka.

Sababu ya pili ni mizinga, na hapa ndipo watu wengi wanapochanganyikiwa, kwa maana ukubwa wa midomo ulikaribia kulingana: milimita 102 kwa Pegasus, 105 kwa Königsberg. Lakini kombora la Mwingereza lilikuwa na kilo 11 na kidogo, la Mjerumani zaidi ya 17. Kombora zito hupunguzwa mwendo na hewa polepole kuliko jepesi, kwa hiyo hufika mbali zaidi. Tena mzinga wa Königsberg uliweza kuinuliwa hadi nyuzi 30 na kurusha umbali wa zaidi ya kilomita 12. Nahodha Max Looff alijua hilo. Alibaki mbali, zaidi ya kilomita sita, na makombora ya Pegasus yakaanguka baharini kabla ya kumfikia. Kabla ya kuondoka, Wajerumani walitupa mapipa yaliyojaa mchanga kwenye mlango wa bandari, ili Waingereza wadhani ni mabomu ya kutega majini.

Mizinga ya Pegasus ilinyamazishwa kwa muda mfupi sana. Meli ilizama mchana wa siku hiyo. Waliokufa, pamoja na waliofariki kwa majeraha, walikuwa 38, na baadhi yao wamezikwa katika kisiwa cha Chapwani, kinachoonekana kutoka Mji Mkongwe.

Königsberg nayo ikakwamishwa na ugonjwa uleule: injini iliharibika, ikarudi kujificha katika delta ya Rufiji, na vipande vyake vikasafirishwa kwa nchi kavu hadi Dar es Salaam kutengenezwa. Haikutoka tena baharini. Tarehe 11 Julai 1915 ilipigwa na meli za Waingereza, Severn na Mersey, na Wajerumani wenyewe wakailipua.

Mizinga haikufa na meli. Wajerumani waliiopoa yote kumi ya Königsberg, wakaifungia magurudumu na kuikokota vitani barani. Waingereza nao waliopoa mizinga ya Pegasus na kuitumia katika vita hivyohivyo vya nchi kavu. Bodi la Pegasus lilibaki chini ya maji hadi lilipouzwa kama chuma chakavu mwaka 1955.

Mombasa, kwenye Ngome ya Yesu, mzinga mmoja wa Pegasus na mmoja wa Königsberg imewekwa pamoja. Ukitazama midomo yake, ile tofauti ya milimita tatu ni vigumu kuiona kwa macho.