Je, Wajua Kwa Nini Matcha ya Bei Nafuu Ndiyo Inayofaa Keki na Maziwa?

Ukianza kutafuta matcha utakutana na makopo mawili ya unga wa kijani yanayokaribia kufanana, lakini moja linauzwa mara mbili au tatu ya bei ya lenzake. La ghali limeandikwa kuwa ni la sherehe ya chai, ile desturi ya Kijapani ya kuandaa na kunywa chai kwa utaratibu maalumu; la rahisi ni la kupikia. Mnunuzi mwenye bajeti ndogo hubaki na wasiwasi kwamba hilo la pili ni makapi yaliyosagwa. Hapana. Kama unataka kunywa matcha na maziwa au kuoka keki, hilo la kupikia ndilo lako, na sababu yake inaanzia shambani.

Matcha ni chai ya kijani ya Kijapani ambayo jani lenyewe husagwa likanywewa lote, badala ya kulowekwa kisha kutupwa. Mmea wake ni uleule unaotupatia majani ya chai ya kawaida. Tofauti ni kwamba wiki tatu au nne kabla ya kuchuma, mashamba hufunikwa ili jua lisiyafikie majani. Jani la chai lina theanini, inayoleta ule utamu mzito unaokaa mdomoni kama mchuzi mzuri. Likipigwa na jua, theanini hiyo hugeuka kuwa katekini, nazo ndizo zenye uchungu na ukakasi. Likiwekwa kivulini, mgeuko huo hupungua, na jani huongeza klorofili, ile rangi ya kijani ya majani, ili linase mwanga kidogo uliobaki. Ndiyo maana matcha nzuri ni ya kijani kikali namna ile.

Baada ya kuchumwa, majani hupigwa mvuke upesi yasibadilike rangi, hukaushwa bila kusokotwa, yakatolewa vikonyo na mishipa. Kinachobaki huitwa tencha, na tencha ikisagwa ndiyo matcha. Kinu cha mawe ya itale huzunguka polepole mno ili unga usipate moto: hutoa kama gramu 30 hadi 40 tu kwa saa. Yaani kopo dogo la gramu 30 ni kazi ya kinu kimoja kwa karibu saa nzima.

Sasa bei inaeleweka. Mavuno ya kwanza, ya Aprili na Mei, hutoa majani machanga yenye theanini nyingi, na mengi huishia kwenye makopo ya ghali. Mavuno yanayofuata, ya Juni na kuendelea, hukua kwenye joto na jua kali zaidi. Katekini zake ni nyingi, ladha ni kali, na kwa kawaida husagwa kwa mashine za kasi badala ya mawe. Unga huo ndio unaouzwa kama matcha ya kupikia.

Na ukali huo ndio tunaouhitaji! Protini za maziwa hushikana na katekini na kuzipunguza makali; sukari na siagi hufunika sehemu kubwa ya uchungu uliobaki. Ukimimina matcha laini ya sherehe kwenye glasi ya maziwa yenye sukari, ladha zake nyororo, ambazo ndizo ulizolipia, zinazama zote. Unabaki na maziwa ya kijani. Ile ya kupikia ina nguvu ya kupenya, ukaisikia chai ndani ya maziwa. Kwenye oveni mambo ni hayohayo, kwa sababu joto hufukuza harufu laini kwanza na kuacha zile nzito. Kwa maoni yangu, kutia matcha ya sherehe kwenye unga wa keki ni kuharibu pesa na kuikosea heshima kazi ya mkulima.

Lakini si kila unga wa bei nafuu ni matcha ya kupikia. Hata huko Japani hakuna kipimo cha kisheria kinachotenganisha ya sherehe na ya kupikia. Ni maneno ya wauzaji, na kila mmoja huyatumia apendavyo. Kwa hiyo usiyategemee. Tegemea macho na lebo.

Chukua karatasi nyeupe, weka unga kiasi cha ncha ya kijiko, ubonyeze kwa kidole kisha uburute kwa mstari mmoja. Unga uliosagwa vizuri huacha mstari mrefu, laini, usiokatika. Uliosagwa ovyo hukatikakatika, na chembe unazisikia kwenye ngozi. Hizo ndizo zitakazotuama chini ya glasi yako kama mchanga. Kisha tazama rangi mbele ya mwanga wa dirisha. Matcha ya kupikia haitakuwa na kijani cha kung'aa kama ya mavuno ya kwanza, na hilo si kosa. Unachotaka ni kijani kilicho hai. Ukiona umanjano, au rangi ya kahawia kama nyasi kavu, unga huo umezeeka, umehifadhiwa vibaya, au ni chai ya kijani ya kawaida isiyowahi kuona kivuli. Unuse pia: harufu iwe ya majani mabichi, isiwe ya majani makavu au vumbi.

Kwenye lebo, orodha ya viungo iwe na kitu kimoja tu. Ikitajwa sukari, maziwa ya unga au maltodekstrini (wanga wa kiwandani wa kuongezea ujazo), huo ni mchanganyiko wa kinywaji, na utavuruga vipimo vya keki yako. Ikiandikwa unga wa chai ya kijani bila neno matcha, huenda majani hayakufunikwa kabisa. Asili nayo inasaidia. Uji, karibu na Kyoto, ina jina kubwa na bei ya kulingana nalo, lakini Nishio katika mkoa wa Aichi na Kagoshima kusini hutoa matcha nyingi nzuri ya kupikia. Matcha ya China kwa kawaida ni rahisi zaidi, nami sioni sababu ya kuidharau kwa kuoka. Desturi yenyewe ya kunywa chai ya unga ilitoka China. Eisai, mtawa wa Kibudha wa Kijapani, ndiye anayetajwa kuipeleka Japani aliporudi kutoka huko mwaka 1191.

Katika kulinganisha bei, gawa kwa gramu, usiangalie bei ya kopo. Glasi moja ya matcha na maziwa inahitaji gramu 2 hadi 3, kwa hiyo kopo la gramu 30 ni glasi 10 hadi 15. Keki ya gramu 200 za unga wa ngano hula gramu 10 hivi, yaani theluthi ya kopo hilo kwa keki moja! Hesabu hiyo peke yake inatosha kumwelekeza mwokaji kwenye mfuko wa gramu 100 wa daraja la kupikia. Na tangu mwaka 2024 mahitaji ya dunia yameipita tencha inayovunwa, bei zikapanda, kwa hiyo hesabu hii ina uzito zaidi sasa.

Jikoni, chekecha unga kwanza, maana matcha hushikana vidonge. Kwa kinywaji, ukoroge na maji kidogo ya nyuzi 70 hadi 80 mpaka utoe povu, ndipo uongeze maziwa. Maji yanayochemka huzidisha uchungu. Keki ikitoka na rangi ya zeituni badala ya kijani, usiilaumu matcha moja kwa moja. Joto na tindikali hunyang'anya klorofili madini yake ya magnesi, na kijani kinafifia. Punguza maji ya limau au mtindi kwenye mapishi, na funika keki kwa karatasi ya foili pale juu inapoanza kubadilika rangi.

Mfuko mkubwa una hatari moja. Matcha iliyofunguliwa huharibiwa na hewa, mwanga, joto na unyevu, na baada ya mwezi mmoja au miwili ubichi wake huwa umepungua. Gawa mfuko: kiasi cha wiki mbili tatu kwenye kopo dogo lisilopitisha mwanga, kinachobaki kifungwe barabara na kuwekwa kwenye friji. Ukikitoa, kiache kifikie joto la chumba kabla ya kukifungua, la sivyo hewa ya nje itaacha matone ya maji ndani na unga utaganda.