Usimamizi wa majengo na huduma: thamani yake iko wapi?

Ukitaja usimamizi wa majengo na huduma katika ofisi nyingi za Nairobi, watu humfikiria keateka na shada lake la funguo, soja wa getini, na kampuni ya usafi iliyoshinda zabuni kwa bei ya chini. Wote hao wamo, ila kazi yenyewe ni pana zaidi. Shirika la viwango la ISO, mwaka 2017, liliieleza kuwa ni kazi ya kuunganisha watu, mahali na taratibu ili maisha ya watu yawe bora na shughuli kuu ya shirika iwe na tija. Yaani benki ikopeshe, chuo kifundishe, na daktari asiache wagonjwa kwenda kuuliza kwa nini mfereji umekauka.

Tatizo ni kwamba mhasibu huiona kazi hii upande wa matumizi tu. Saa za kazi ambazo hazikupotea hazina risiti, kwa hiyo bajeti ikibana hapa ndipo panapofyekwa kwanza.

Chukua usiku wa 25 Agosti 2023. Stima ilipotea karibu nchi nzima, na katika JKIA, uwanja mkuu wa ndege wa Nairobi, jenereta iliyotegemewa ikakataa kuwaka. Abiria walikaa gizani, waziri wa uchukuzi akaomba radhi hadharani, na mkurugenzi mkuu wa mamlaka ya viwanja vya ndege akafutwa kazi. Jenereta ilikuwepo. Hili ni jambo ambalo wakurugenzi wengi hawataki kulisikia: ukinunua mtambo umelipia chuma, lakini uhakika kwamba utawaka hutokana na kazi ndogondogo za kila wiki. Betri ya kuwashia ipimwe, maana ndiyo husumbua mara nyingi. Dizeli iangaliwe kama imeingia maji. Kisha mtambo uwashwe ukiwa umebeba mzigo wa jengo. Hilo la mwisho hukwepwa sana. Fundi huiacha jenereta ingurume kidogo bila mzigo, akatia tiki kitabuni, akaenda zake. Injini ikizoeshwa hivyo hujaa masizi na mafuta yasiyoungua, na siku ya siku ikibebeshwa lifti na pampu zote hulemewa.

Bili ya umeme nayo ina hadithi yake. Mota za lifti, pampu na viyoyozi hushusha kipimo kiitwacho pawa fakta, kinachoonyesha umeme unaochukuliwa unatumika vizuri kiasi gani, na kwa wateja wakubwa wa Kenya Power kikiwa chini ya 0.9 bili huongezewa adhabu. Kufunga kapasita za kutosha, yaani vifaa vya kukipandisha kipimo hicho, huiondoa adhabu hiyo. Lakini nani ataiona, ikiwa bili inapita idara ya fedha, inalipwa, inafungiwa kwenye faili? Kanuni za nishati za mwaka 2012 zilitaka jengo linalotumia yuniti 180,000 au zaidi kwa mwaka likaguliwe matumizi yake kila baada ya miaka 3. Mwenye akili huugeuza ukaguzi huo kuwa orodha ya mahali pa kuokoa pesa.

Maji nitayapitia haraka: anayejua jengo lake linatumia lita ngapi kwa siku hupanga matangi kulingana na mgao, haiti boza la maji saa sita mchana kwa bei ya dharura.

Kwa maoni yangu, pesa kubwa zaidi imejificha kwenye nafasi. Tangu korona, ofisi nyingi zina wafanyakazi wanaokuja siku chache kwa wiki, huku kodi ya Upper Hill au Westlands ikilipwa kwa kila futi ya mraba. Meneja anayehesabu viti vinavyokaliwa kweli anaweza kuishauri kampuni irudishe orofa nzima mkataba unapoisha. Hakuna kubana sabuni ya chooni kutakakofikia hapo.

Kwa hiyo bodi ikitaka kujua kama inapata thamani, isiishie kuuliza imelipa kiasi gani mwezi huu. Iulize lifti zilikaa bila kufanya kazi kwa muda gani, hitilafu ngapi zilijirudia baada ya kutengenezwa, na ripoti ya mkaguzi wa lifti, ambayo sheria inaitaka kila miezi 6, iko kwenye faili gani.