Ukuu wa root hauko kwenye jina

Mafundi wengi huamini kwamba ukiifunga akaunti ya root, ile akaunti kuu yenye mamlaka yote kwenye Linux, hakuna tena mkuu kwenye kompyuta. Fundi mmoja hapa Mtwara alinionyesha kwa fahari seva ya Linux ya ghala la korosho: root imefungwa, mambo safi. Nikamwomba afungue faili la /etc/passwd, lenye orodha ya akaunti za kompyuta. Juu, root:x:0:0. Chini kabisa, karani:x:0:0. Akanyamaza.

Mfumo hautazami jina, unatazama namba ya akaunti (UID), ile ya kwanza baada ya x. Mwenye 0 ndiye mwenye nyumba, aitwe root, karani au bibi harusi. Huyu karani aliongezwa "kwa muda tu" msimu wa minada, akasahaulika. Kibaya zaidi, faili alizounda zinaonekana ni za root, basi utamuuliza nani?

Kagua kwa amri hii, inayotoa kila akaunti yenye namba 0: awk -F: '$3==0' /etc/passwd. Likitoka jina la pili, fuatilia lilikotoka (FreeBSD, mfumo mwingine wa jamii ya Unix, huja na akaunti yake ya pili ya namba 0 iitwayo toor, hiyo isikushtue).

Karani mpe akaunti yenye namba ya kawaida, kisha muingize kwenye kundi la sudo, yaani la wanaoruhusiwa kutumia sudo, amri ya kuazima mamlaka ya root. Kwa Linux ya Red Hat kundi hilo huitwa wheel. Kila amri atakayoipitisha kwa sudo itaandikwa kwa jina lake.