Muyonza usio na miiba

Jirani yangu hapa Entebbe, mama aliyehamia juzijuzi nyumba ya kando ya ziwa, alinitumia picha kwa WhatsApp: "Mwalimu, huu si muyonza? Watoto wameshaona matunda." Majani yanang'aa, maua meupe yenye wekundu wa mbali, tunda moja la zambarau. Programu ya simu yake nayo ilisema muyonza. Nikamjibu maneno matatu tu: watoto wasile kitu. Kisha nikapanda boda.

Muyonza ni Carissa spinarum. Waswahili wa pwani huuita mtandamboo, jina ambalo siwezi kulitamka mbele ya mama mkwe. Matunda yake yakiiva ni matamu, na wengi waliokulia vijijini Buganda wameyachuma njiani wakitoka shule. Shida ni ndugu yake, msunguti, Acokanthera schimperi. Huo ndio ambao wawindaji wa Afrika Mashariki walichemsha magome na mizizi yake mpaka ikawa kama lami, wakapaka mishale. Sumu yake, ouabaini, hushambulia moyo. Kuna hata panya mmoja wa porini anayetafuna gome lake na kujipaka mate yake ubavuni. Mbwa akimuuma, anajuta.

Nilipofika nilianza na jani. Nikalikonyoa, yakatoka maziwa meupe. Hayo hayakunisaidia sana, kwani ndugu wote wawili wana maziwa, na wote majani yao hukaa mawili mawili yakitazamana. Ndiyo maana picha hudanganya.

Nikatafuta miiba. Muyonza una miiba ya kuchana shati, iliyonyooka na migumu. Nilipapasa tawi baada ya tawi, la zamani na changa, sikupata hata mmoja. Lakini kukosa miiba peke yake hakutoshi. Mti unaokatwa kila mara huchipua matawi machanga ambayo miiba yake haijakomaa. Kwa hiyo nikaangalia maua yametokea wapi. Ya muyonza hukaa vichalani, kwenye ncha za matawi. Haya yalikuwa yamejibana kwapani mwa majani, vishada vidogo vyenye harufu tamu kama ya asumini. Majani nayo yalikuwa manene kama ngozi, na tunda kubwa kuliko la muyonza. Hapo sikuwa na shaka tena. Hata hivyo nilikata tawi lenye maua na tunda, nikalibana kati ya magazeti nilipeleke kwenye hifadhi ya mimea iliyokaushwa pale Makerere. Mimi huzishuku zaidi siku ninazojiona nina hakika.

Msunguti kwetu hupenda sehemu kavu, si ufukwe wenye mvua kama huu. Nadhani mpangaji wa zamani aliupanda kwa ajili ya harufu.

"Basi nitaubakiza, nitawakataza watoto matunda," mama akasema.

Nikamwambia sumu haiko kwenye tunda tu. Imo kwenye majani na magome, na hata ndani ya vijiti vya matawi yake. Wakati naeleza, macho yangu yakaangukia sigiri nyuma ya jikoni. Kijana wa bustani alikuwa amepogoa asubuhi ile, na vijiti vilivyonyooka alivichonga ncha vizuri, akavipanga tayari kutungia nyama ya kuchoma, muchomo wa jioni.

Tuliondoka navyo vyote, ndani ya gunia.